Jiwe Huanguka kwa Hesabu

Sogea karibu, mwanangu. Hadithi ya leo haina sungura wala fisi. Ina jiwe, ubao, ndoo ya maji, na mtu mmoja mwenye subira ya ajabu; na yote nitakayokusimulia ni ya kweli.

Kwanza nikuulize swali. Jiwe likiachiwa kutoka juu, bila kurushwa wala kusukumwa, katika sekunde ya kwanza huanguka karibu mita 5. Zikipita sekunde mbili, litakuwa limeanguka mita ngapi? Usikimbilie kujibu. Wengi husema mita 10: muda umekuwa mara mbili, basi na umbali uwe mara mbili. Jibu sahihi ni karibu mita 20. Zikipita sekunde tatu, ni karibu mita 45. Watu walitazama vitu vikidondoka kwa maelfu ya miaka, matunda, mawe, hata wenzao waliokuwa juu ya miti, kabla hesabu hii haijapatikana.

Aliyeipata anaitwa Galileo Galilei. Alizaliwa mwaka 1564 katika mji wa Pisa, Italia. Baba yake, Vincenzo, alikuwa mwanamuziki, mpigaji wa ala ya nyuzi iliyo ya ukoo mmoja na udi unaousikia katika taarabu. Mzee huyo hakuridhika na kupiga muziki tu. Alitaka kujua sauti inapandaje. Akaning'iniza vitu vizito kwenye nyuzi ili zikazike, akasikiliza, akagundua jambo ambalo vitabu vya wakati wake havikulisema: ukitaka sauti ya uzi ipande mara mbili, haitoshi kuongeza uzito mara mbili. Lazima uuongeze mara nne. Liweke hilo akilini, mwanangu, mara mbili huku na mara nne kule, maana mwanawe naye atakutana nalo.

Vincenzo alitaka kijana wake awe tabibu. Galileo akaanza masomo hayo hapohapo Pisa, lakini moyo wake ulikuwa kwenye hisabati, akaacha utabibu. Mwaka 1589 akawa mwalimu wa hisabati Pisa, na mwaka 1592 akahamia chuo kikuu cha Padua, alikokaa miaka 18.

Siku hizo, swali lolote kuhusu vitu vinavyoanguka lilijibiwa kwa jina moja: Aristotle, mwanafalsafa wa Kigiriki aliyefariki mwaka 322 kabla ya Kristo. Aristotle alifundisha kwamba kitu kizito huanguka haraka kuliko chepesi, na kwamba kikiwa kizito mara kumi, kasi nayo huwa mara kumi. Usimcheke. Angusha jani na jiwe sasa hivi, utaona jiwe linatangulia. Aristotle aliliona hilo kama unavyoliona wewe. Hakutenganisha kazi ya uzito na kazi ya hewa, na waliomfuata karibu wote walirudia maneno yake bila kupanda juu na kujaribu.

Mmoja aliyejaribu alikuwa Simon Stevin, mhandisi wa Uholanzi. Katika kitabu chake cha mwaka 1586 alieleza jinsi yeye na rafiki yake walivyochukua matufe mawili ya madini ya risasi, moja zito mara kumi kuliko lingine, wakayaachia kwa pamoja kutoka urefu wa futi 30, yaani mita 9 hivi. Chini waliweka ubao ili wasikie mshindo. Wakasikia mshindo mmoja tu.

Huenda umewahi kuona picha ya ule mnara wa Pisa ulioinama, ukaambiwa kwamba Galileo alipanda juu yake akaangusha matufe mawili mbele ya watu. Habari hiyo tumeipata kwa mwanafunzi wake, Vincenzo Viviani, aliyeiandika baada ya Galileo kufariki. Galileo mwenyewe hakuisimulia katika vitabu vyake, na wanahistoria wengi wanaitilia shaka. Mimi sitakuambia kwamba ilitokea, na hadithi yetu haiuhitaji mnara huo. Tunalo jambo bora zaidi, hoja yake ya mawe mawili.

Sikiliza vizuri. Chukua jiwe kubwa na jiwe dogo. Tukubali kwa muda kwamba kubwa huanguka haraka na dogo huanguka polepole. Sasa yafunge pamoja kwa kamba, kisha yaachie. Itakuwaje? Mtu wa kwanza atasema: jiwe dogo ni la polepole, kwa hiyo litalivuta kubwa nyuma, na yote mawili yataanguka polepole kuliko kubwa likiwa peke yake. Mtu wa pili atasema: mawe mawili yaliyofungwa pamoja ni mzigo mzito kuliko jiwe kubwa pekee, kwa hiyo yataanguka haraka zaidi. Wote wawili wameanzia mahali pamoja, na kila mmoja amefuata njia yake bila kuteleza. Lakini mzigo uleule hauwezi kuanguka polepole zaidi na haraka zaidi kwa wakati mmoja! Basi kosa liko pale walipoanzia. Njia pekee ya kutoka katika mkwamo huu ni kukubali kwamba hewa isipoingilia, jiwe kubwa na jiwe dogo huanguka sawasawa. Hoja hii nimeisoma tena na tena na kila mara hunifurahisha, kwa sababu mtoto yeyote anaweza kuifuata akiwa amekaa tu kwenye mkeka.

Hoja hiyo, hata hivyo, haitupi umbali. Inatuambia mawe yatafika pamoja. Haituambii yatakuwa yamekwenda mita ngapi. Hapo ilibidi kupima.

Na kupima kulikuwa kugumu. Jiwe likidondoka kutoka usawa wa kifua cha mtu mzima, hufika chini kwa nusu sekunde hivi. Utawezaje kujua lilikuwa wapi robo sekunde baada ya kuachiwa? Galileo hakuwa na kamera, wala saa ya kuhesabu sekunde. Saa za wakati wake zilipotea kwa dakika nyingi kila siku. Mapigo ya mshipa wa mkono, ambayo watu waliyatumia kupimia muda mfupi, ni ya polepole mno kwa kazi hii.

Galileo akafikiri: ikiwa kuanguka ni kwa haraka mno, nitakupunguza kasi. Badala ya kuliachia tufe lidondoke wima, akaliviringisha kwenye mteremko. Mteremko ukiwa mkali, tufe hukimbia. Ukiwa wa taratibu, huenda pole. Ukiuinua ubao kidogo kidogo hadi usimame wima kabisa, kuviringika kumegeuka kudondoka. Basi kama kuna kanuni inayoshika kwenye kila mteremko, mpole na mkali, kuna sababu nzuri ya kuamini kwamba itashika hata wima.

Maelezo ya kifaa chake tunayo kwa kalamu yake mwenyewe, katika kitabu kilichochapishwa mjini Leiden, Uholanzi, mwaka 1638. Alichukua ubao wa urefu wa dhiraa 12 za Kiitaliano, karibu mita 7, unene wake vidole vitatu. Juu yake akachonga mfuo ulionyooka, mpana kupita kidole kimoja kidogo tu. Akaulainisha, kisha akautandika ngozi ya kuandikia iliyosuguliwa ikateleza, ili tufe lisikwaruzike popote. Tufe lenyewe lilikuwa la shaba nyeusi, gumu, laini, la mviringo kamili. Akainua ncha moja ya ubao kwa dhiraa moja au mbili.

Saa yake ilikuwa maji. Alitundika chombo kikubwa kilichojaa maji, chenye bomba jembamba chini. Tufe lilipoanza kushuka, maji yaliachiwa yatiririke kwenye kikombe; lilipofika alama, yalizibwa. Kisha maji ya kikombeni yaliwekwa kwenye mizani nyeti. Maji yakiwa mazito mara mbili, muda umekuwa mara mbili. Yaani alipima muda kwa mizani, kama mtu apimaye sukari dukani!

Akaliviringisha tufe ubao mzima, akapima. Kisha akaliviringisha robo ya ubao tu, akapima. Muda wa robo ya njia ulikuwa nusu kamili ya muda wa njia nzima. Akajaribu nusu ya ubao, theluthi mbili, robo tatu. Akabadilisha mteremko, akarudia. Anasema alirudia mara mia moja, na kila mara umbali ulifuata muda uliozidishwa kwa wenyewe, ambao shuleni tunauita mraba wa muda. Muda mara mbili, umbali mara nne. Muda mara tatu, umbali mara tisa. Nyuzi za Vincenzo na ubao wa mwanawe zilikuwa zimekutana kwenye mara mbili na mara nne.

Kuna njia nyingine ya kusema jambo hilohilo, na ndiyo niipendayo zaidi. Gawa safari ya jiwe katika vipande vya muda ulio sawa. Kama katika kipande cha kwanza limekwenda hatua 1, katika cha pili litakwenda hatua 3, katika cha tatu 5, katika cha nne 7. Hizo ni namba witiri, zimepangana bila kuruka hata moja. Sasa zijumlishe ukiwa unakwenda: 1; halafu 1 na 3 ni 4; ongeza 5 upate 9; ongeza 7 upate 16. Namba 1, 4, 9 na 16 ndizo miraba ya 1, 2, 3 na 4.

Kanuni hii Galileo alikuwa nayo tayari mwezi Oktoba mwaka 1604, alipomwandikia rafiki yake Paolo Sarpi. Lakini katika barua hiyo sababu aliyoitoa haikuwa sahihi. Alidhani kasi ya kitu kinachoanguka huongezeka kulingana na umbali kilichokwenda. Baadaye aliona kwamba hilo haliwezekani, akalirekebisha: kasi huongezeka kulingana na muda. Alikuwa na jibu sahihi mkononi, na bado akaendelea kuitafuta sababu yake mpaka ikakaa sawa. Kwa hilo namheshimu kupita hata kwa lile jibu.

Na sababu yenyewe unaweza kuihesabu sasa hivi kwa penseli. Jiwe linalodondoka huongeza kasi kwa kiasi kilekile kila sekunde. Ongezeko hilo walimu wa fizikia huliita mchapuko, na hapa duniani ni mita 9.8 kwa sekunde, kila sekunde. Jiwe linaanza na kasi 0. Sekunde ya kwanza ikiisha lina kasi ya mita 9.8 kwa sekunde. Ya pili ikiisha, 19.6. Ya tatu, 29.4.

Katika sekunde ya kwanza kasi imepanda kutoka 0 hadi 9.8. Wastani wake ni 4.9, basi jiwe limekwenda mita 4.9. Katika sekunde ya pili kasi imetoka 9.8 ikafika 19.6, jumlisha, gawa kwa mbili, unapata mita 14.7. Gawa 14.7 kwa 4.9. Jibu ni 3. Katika sekunde ya tatu wastani ni mita 24.5, na hiyo ni 4.9 mara 5. Umeziona namba witiri zinavyojitokeza zenyewe? Hakuna aliyezipanga. Zinatokana na kasi kuongezeka kwa kiasi kilekile.

Kwa hiyo, ukitaka umbali, chukua sekunde, zizidishe kwa zenyewe, kisha zidisha kwa 4.9. Sekunde 1 ni mita 4.9. Sekunde 2 ni 19.6. Sekunde 3 ni 44.1. Sekunde 4 ni 78.4, na sekunde 5 ni mita 122.5. Nusu sekunde je? Nusu mara nusu ni robo. Robo ya 4.9 ni mita 1.2 na ushei. Ndicho kile kimo cha kifua nilichokutajia.

Hiyo 4.9 haikutoka kwa Galileo. Tufe linaloviringika hutumia sehemu ya mwendo wake kujizungusha, kwa hiyo ubao ulimpa mpangilio wa namba tu. Katika kitabu chake cha mwaka 1632 aliandika kwamba tufe la chuma huanguka dhiraa 100 kwa sekunde 5, umbali usiofika hata nusu ya ule wa kweli. Kipimo kizuri kilikuja baadaye kupitia pendulamu, ile timazi inayobembea, kwa kazi ya Mholanzi Christiaan Huygens. Tena kipimo hicho hubadilika kidogo kutoka mahali hadi mahali: kwenye ikweta mchapuko ni karibu 9.78, na kwenye ncha za dunia ni 9.83. Kwa hesabu za shuleni, 9.8 inatosha.

Sasa itumie. Nazi iko juu ya mnazi wenye kimo cha mita 20 hivi. Itafika chini kwa sekunde ngapi? Gawa 20 kwa 4.9, unapata 4 na kidogo. Kipeuo chake cha pili ni 2 na kidogo. Sekunde mbili. Na kasi yake itakapofika ni 9.8 mara 2, mita 19.6 kwa sekunde, karibu kilomita 70 kwa saa. Ndiyo maana wazazi wa pwani humwondoa mtoto chini ya mnazi wenye nazi zilizokomaa, na hesabu inawaunga mkono.

Au tuseme kuna kisima cha zamani kisichotumika tena. Ukiwa na mtu mzima, bila kuinama ukingoni, achia kokoto na uhesabu hadi usikie mlio. Ukipata sekunde 2, kina ni karibu mita 19.6. Nasema karibu, maana sauti nayo huchukua muda kupanda, ikisafiri mita 340 hivi kwa sekunde. Ukiuondoa muda huo, kina kinabaki kama mita 18 na nusu. Tena ukichelewa kubonyeza saa kwa sehemu moja tu ya kumi ya sekunde, jibu lako litakosea kwa mita 2, kwa sababu muda wenye kosa nao huzidishwa kwa wenyewe. Kwa hiyo rudia, uandike kila jibu. Kisima ambacho watu wanakunywa maji yake, usikitupie kitu kamwe.

Hesabu hizi zinadai hewa isiwe na nguvu kubwa juu ya kitu. Kwa jiwe na nazi, inatosha. Kwa tone la mvua hali ni tofauti kabisa. Tone likidondoka kutoka wingu lililo juu kwa mita 1,000 pasipo hewa, lingetufikia kwa kasi ya kilomita 500 kwa saa! Hewa hulizuia, likafika mahali ambapo kasi haiongezeki tena, na hata tone kubwa hutufikia kwa kilomita 30 hivi kwa saa.

Mtu mwingine lazima nimtaje, padri Giovanni Battista Riccioli wa Bologna. Huyu alipinga mafundisho ya Galileo kuhusu dunia kulizunguka jua, na alikuwa na kila sababu ya kutamani kumwona amekosea. Akapima kwa uaminifu. Ili awe na saa ya kuaminika, yeye na mapadri wenzake walihesabu mibembeo ya pendulamu mchana na usiku, saa 24 mfululizo. Kisha wakaangusha tufe kutoka mnara wa Asinelli, wenye kimo cha mita 97. Namba witiri zikajitokeza. Riccioli akaandika hivyo katika kitabu chake cha mwaka 1651, kwamba katika jambo hili Galileo alisema kweli.

Galileo hakukisikia kitabu hicho. Mwaka 1633 alihukumiwa na mahakama ya Kanisa kwa sababu ya mafundisho yake kuhusu dunia na jua, akafungiwa nyumbani hadi alipofariki Januari 1642, akiwa kipofu. Kitabu cha ubao na tufe alikikamilisha akiwa katika kifungo hicho.

Na ile hoja ya mawe mawili, pasipo hewa kabisa? Tarehe 2 Agosti 1971, mwanaanga David Scott wa Apollo 15 alisimama juu ya Mwezi, ambako hakuna hewa, akiwa na nyundo mkono mmoja na unyoya wa kipanga mkono wa pili. Akaviachia pamoja, kamera ikiwa mbele yake. Vikafika chini pamoja. Tena vilishuka taratibu, kwa sababu mvutano wa Mwezi ni kama sehemu moja ya sita ya mvutano wa dunia. Badala ya 4.9, huko tunatumia 0.81, kwa hiyo katika sekunde nzima ya kwanza kitu hakifiki hata mita moja.

Sasa ni zamu yako. Tafuta ubao wa mita 2 wenye mfuo, uinue ncha moja sentimita 10 hivi. Kutoka mahali pa kuachia gololi, funga uzi mwembamba kuuzunguka ubao kwenye sentimita 40, 80, 120 na 160, ili gololi ikipita juu ya uzi itoe mlio mdogo. Achia, usikilize: milio itazidi kukaribiana. Kisha zihamishe nyuzi hadi sentimita 10, 40, 90 na 160. Mtafiti wa historia ya sayansi, Stillman Drake, aliamini kwamba Galileo, mtoto wa mwanamuziki, huenda alipima kwa sikio namna hiyo. Mwombe mwenzako aachie gololi, wewe ufumbe macho na kuhesabu. Milio ikija kwa mpigo ulio sawa, mwite mwalimu wako wa hisabati aje asikilize, na umwonyeshe namba za mahali ulipofunga nyuzi.